Anayegharamia Viwanja vya Bagamoyo ni Mnunuzi

Ukishavuka Bunju kuelekea kaskazini, mabango hayaachani. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka unaingia Bagamoyo mjini: viwanja vimepimwa, lipa kwa awamu, usafiri wa kwenda kuona ni bure, hati juu yetu. Mengine yana picha ya nyumba ya ghorofa yenye bwawa la kuogelea, ilhali nyuma ya bango lenyewe ni mikorosho na vichaka. Watu huyasoma kama matangazo ya kuuza ardhi. Ukipiga hesabu ya fedha inayozunguka nyuma yake, utaona kuwa mengi ni matangazo ya kuomba mkopo.

Kwenye makongamano ya uwekezaji wimbo ni ule ule. Sekta ya nyumba haina mtaji. Linatajwa pengo la nyumba milioni 3, yanatajwa mahitaji mapya ya nyumba 200,000 kila mwaka, kisha wanaitwa mifuko ya pensheni, benki, diaspora na wawekezaji wa nje waje kuokoa jahazi. Takwimu hizo zimo hata katika ripoti za Benki Kuu kuhusu soko la mikopo ya nyumba, nami sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hitimisho. Ukanda huu wa Bagamoyo una mtaji binafsi tele, na umekuwa ukiingia kila mwisho wa mwezi kwa M-Pesa na kwa stakabadhi za benki. Unatoka kwa mwalimu wa Tabata, nesi wa Mloganzila, mfanyabiashara wa Kariakoo, kijana aliyeko Muscat anayemtumia mama yake fedha ya kiwanja. Kasoro ni jinsi unavyoingia: bila dhamana, bila riba, na bila aliyeutoa kuwa na haki ya kuuliza umeenda wapi.

Tuchukue mradi wa kufikirika, wa ukubwa wa kawaida. Kampuni inapata shamba la ekari 20 kwa familia moja ya Kiromo, kwa bei ya shilingi milioni 8 kwa ekari. Hiyo ni milioni 160. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo shamba zima lina kama mita 80,900. Ukitoa asilimia 30 ya barabara, maeneo ya wazi na huduma za jamii, zinabaki mita 56,600 hivi za kuuza, yaani viwanja 113 vya mita 500. Kwa shilingi 10,000 kwa mita, kila kiwanja ni milioni 5 na mradi mzima unaingiza milioni 565. Mchoro wa mipango miji na upimaji tuuwekee milioni 34. Kukodi greda, kufyeka na kuchonga barabara, milioni 40. Kamisheni za madalali na maofisa mauzo, asilimia 10.

Sasa tazama nani anatoa nini, na lini. Familia ya Kiromo hailipwi milioni 160 siku ya kwanza. Inapewa theluthi, kwa makubaliano kwamba iliyobaki itamaliziwa ndani ya miezi sita. Mpimaji naye anapewa kianzio. Kampuni imetoa mfukoni milioni 60 au 70, bango limesimama, na mauzo yanaanza. Mnunuzi anaweka asilimia 20 ya bei, milioni 1, halafu anadaiwa milioni 4 kwa miezi 12. Viwanja vyote vikipata wateja, malipo ya awali peke yake ni milioni 113 na kila mwezi zinaingia kama milioni 37 na ushei. Kwa fedha hizo ndipo familia inamaliziwa, greda linakuja, mpimaji anarudi na mawe ya mipaka. Kuanzia hapo kampuni haina tena hata shilingi yake ndani ya mradi. Imekwisha kuirudisha.

Hakuna jinai katika mpangilio huu, na kampuni nyingi zinamaliza kazi na kukabidhi hati. Ninachosema ni kwamba wale wanunuzi 113 ndio benki ya mradi. Wametoa fedha kabla ya kupokea chochote kinachoweza kuuzwa au kuwekwa rehani, na kwa kuwa wamejiita wateja, hakuna aliyewapa masharti ambayo benki yoyote ingeyadai kabla ya kutoa senti.

Mwenye shamba anajua zaidi. Huko Kiromo mzee wa familia hasaini uhamisho mpaka fedha yake yote ifike. Mikononi mwake ana dhamana iliyo bora kuliko zote, yaani ardhi yenyewe. Kampuni ikiyumba mwezi wa tano kwa sababu mauzo yamepoa, au kwa sababu mkurugenzi ameihamishia fedha ya Kiromo kwenye shamba jingine la Fukayosi, mzee anavunja mkataba na kubaki na shamba lake. Mnunuzi aliyelipa milioni 3 kati ya 5 anabaki na risiti, mkataba wenye nembo nzuri, na namba ya simu ya ofisa mauzo ambaye pengine naye hajalipwa kamisheni. Shauri akilifikisha mahakamani, atakuwa mdai mmojawapo katika foleni ya wadai wa kampuni isiyo na mali. Ndugu zake watamwambia katapeliwa. Mara nyingi neno hilo si sahihi: amekopesha biashara iliyofilisika, na amekopesha bila kushika kitu.

Tuliwahi kupata somo la aina hii kwenye urasimishaji wa makazi. Wananchi wa mitaa iliyojengwa kiholela walichangishwa ili kampuni binafsi za mipango miji ziwapimie. Bei elekezi ikashushwa hadi isizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Na bado maeneo mengi kazi iliishia njiani, fedha ikiwa imekwisha kukusanywa. Serikali ilihangaika na bei. Wakati wa kulipa, ambao ndio uliokuwa na madhara zaidi, haukuguswa.

Kwa wenzetu Marekani biashara hii ina sura nyingine, na inafaa kuitazama kwa makini, maana wanaozungumzia mtaji binafsi hapa kwetu hupenda kuitolea mfano bila kueleza inavyofanya kazi. Kampuni ya ujenzi wa nyumba ya NVR iliingia katika ufilisi mwaka 1992 ikiwa imebeba ardhi nyingi iliyonunuliwa kwa madeni. Ilipotoka mwaka uliofuata ilibadili mwenendo: haikai tena na ardhi. Mwenye ardhi au mwekezaji mwingine ndiye anayeiendeleza, NVR inaweka amana, kwa kawaida isiyozidi asilimia 10 ya bei ya viwanja, na inavichukua kidogo kidogo kadiri inavyojenga. Soko likianguka, inaiacha amana na kuondoka. Februari 2025 kampuni nyingine kubwa, Lennar, ilikwenda mbali zaidi. Iliihamishia ardhi yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5 kampuni mpya iitwayo Millrose, yenye hisa sokoni, ambayo kazi yake ni kushika ardhi na kuitoa kwa wajenzi kwa awamu.

Mtu anaweza kuupenda au kuuchukia mfumo huo. Ila kitu kimoja kiko wazi: hatari ya ardhi kukaa bila kuuzwa imebebwa na watu wenye mitaji, wanaolipwa kwa kuibeba, na wenye wanasheria wa kuisoma mikataba mstari kwa mstari. Hapa kwetu hatari hiyo hiyo imebebwa na nesi wa Mloganzila, naye halipwi chochote. Akichelewesha awamu mbili, mikataba mingi inampa kampuni haki ya kumkata asilimia au kumnyang'anya kiwanja. Kampuni ikichelewesha hati miaka miwili, sijaona mikataba mingi inayoipa adhabu.

Kwa nini basi benki zisiingie katikati? Kwa sababu shamba la ekari 20 lisilo na hati si dhamana kwa benki yoyote yenye akili timamu. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kinachowekwa rehani ni haki ya kuimiliki kwa miaka 33, 66 au 99 kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999. Shamba la urithi lenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya kijiji halijafika huko. Pengine hata msimamizi wa mirathi hajateuliwa, na kuna shangazi Pangani ambaye hajaulizwa. Likiwa bado ni ardhi ya kijiji, lina sheria yake nyingine ya mwaka huo huo na mlolongo wake wa vikao. Fedha inahitajika zaidi kipindi ambacho dhamana haipo. Dhamana ikishapatikana, viwanja vimekwisha kuuzwa.

Mifuko mikubwa nayo ina sababu zake. Serikali hukopa kwa hatifungani za miaka 20 na 25 kwa riba ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kati ya asilimia 12 na zaidi ya 15, na riba hiyo haikatwi kodi. Meneja wa mfuko anayelala usingizi wake ana sababu gani ya kwenda kugombana na mipaka ya mashamba Zinga? Na pale mfuko mkubwa ulipojaribu, matokeo tuliyaona Kigamboni. Mradi wa Dege ulikuwa wa NSSF kwa ubia na kampuni binafsi, ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, na ulisimama mwaka 2016 majengo yakiwa magofu mapya. Moja ya maswali mazito yaliyoulizwa pale lilikuwa thamani ya ardhi ambayo mbia aliileta kama mchango wake. Kwa hiyo wanaodhani fedha nyingi ya taasisi ingeleta nidhamu yenyewe, waende wakapige picha Dege.

Kuna mtindo mmoja wa hapa hapa ambao naona haupewi heshima yake. Mwenye shamba hauzi. Anakubaliana na kampuni ya upimaji kwamba itapanga, itapima na kushughulikia hati kwa gharama zake, kisha wanagawana viwanja. Kampuni inachukua sehemu, familia inabaki na nyingine na kuiuza yenyewe kwa wakati wake. Hapo mtaji wa kweli umeingia. Kampuni isipomaliza kazi haina cha kuuza, na familia ya Kiromo, badala ya kupewa milioni 8 kwa ekari na kuona ardhi yao ikiuzwa mara tatu au nne ya hiyo mwaka unaofuata, inashiriki katika ongezeko la thamani. Nilipowasikiliza wazee kadhaa wa Bagamoyo wakilalamika kwamba wageni wamemaliza mashamba, nyingi ya habari zao zilikuwa za kuuza mapema na kwa mkupuo. Walikuwa na haraka ya fedha: ada, harusi, matibabu. Mgawanyo wa viwanja unahitaji mtu anayeweza kusubiri mwaka mmoja au miwili, na umaskini hausubiri. Mkopo mdogo kwa familia ya mwenye shamba, ukidhaminiwa na viwanja vyake vijavyo, ungefanya kazi kubwa zaidi kuliko mkopo kwa kampuni.

Niongeze jambo ambalo wachambuzi wa Dar es Salaam hulipita haraka. Sehemu kubwa ya wanunuzi na wauzaji wa ukanda huu ni Waislamu wanaokwepa riba kwa dhati. Mauzo ya awamu kwa bei iliyokubaliwa yanawafaa, na ndiyo maana hata mwenye mshahara unaokopesheka hupendelea kulipa kidogo kidogo kuliko kwenda benki. Ubia wa kugawana viwanja nao hauna tatizo kwao. Benki za Kiislamu tunazo tangu Amana Bank ilipoanza mwaka 2011, na hatifungani za sukuk, yaani zisizo na riba zinazofuata sharia ya Kiislamu, zimeshauzwa nchini zaidi ya mara moja. Zana zipo. Hazijapelekwa kwenye upande wa ardhi, zimebaki kwenye magari na bidhaa za dukani.

Tukubali basi kwamba mnunuzi ataendelea kuwa mfadhili mkuu, maana sioni nani atachukua nafasi yake karibuni. Swali linakuwa dogo na la kiufundi: apewe haki zipi za mkopeshaji?

India ilijibu kwa sheria ya mwaka 2016, ijulikanayo kama RERA. Asilimia 70 ya fedha inayokusanywa kwa wanunuzi wa mradi lazima ikae kwenye akaunti yake peke yake, na inatolewa kwa kadiri kazi ilivyofikia, baada ya mhandisi, msanifu majengo na mhasibu kuthibitisha. Sheria hiyo inagusa pia miradi ya viwanja vitupu, si nyumba tu. Dubai walitangulia mwaka 2007 na sheria ya akaunti za amana kwa miradi inayouzwa kabla ya kujengwa. Hizi si nchi zenye huruma ya pekee kwa wanunuzi. Zilichoshwa na miradi iliyokufa.

Kwa Bagamoyo akaunti hiyo ingekuwa na ngazi zinazoeleweka na kila mtu wa ardhi. Sehemu ya kwanza itoke kwenda moja kwa moja kwa mwenye shamba, isipite kwa kampuni, siku anaposaini uhamisho. Nyingine itoke mchoro wa mipango miji ukipitishwa, nyingine ramani ya upimaji ikisajiliwa, nyingine barabara zikichongwa na kukaguliwa, na ya mwisho, kubwa kuliko zote, ikae mpaka hati ziwe mezani. Bango linaposema "vimepimwa" leo, linaweza kuwa na maana kwamba kuna mchoro tu, au kwamba kuna mawe chini lakini ramani haijasajiliwa. Akaunti yenye ngazi ingeua utata huo bila kumfundisha mnunuzi sheria, kwa sababu kampuni isingepata fedha kwa kubandika neno.

Watakaopinga watasema bei itapanda, nao wako sahihi. Ngoja tuone kwa kiasi gani. Katika mradi wetu wa ekari 20, kama kampuni ingelazimika kukopa fedha yote ya shamba, mchoro, upimaji na barabara, ni milioni 234. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ni milioni 42 na kidogo. Zigawe kwa viwanja 113: kama shilingi 373,000 kwa kiwanja cha milioni 5, yaani asilimia 7 na nusu. Mradi ukienda miaka miwili, ni mara mbili yake. Hiyo ndiyo bei halisi ya kumwondolea mnunuzi hatari ya kupoteza kila kitu. Mimi ningeilipa. Na wengi wanaodhani wasingeilipa tayari wanailipa kwa njia nyingine, kwa nauli za kufuatilia hati na siku za kazi zilizopotea ofisi za ardhi.

Pingamizi zito zaidi ni lingine: kampuni ndogo zitakufa, zitabaki kubwa zenye uwezo wa kukopa. Hilo linanisumbua, kwa sababu baadhi ya kazi safi nilizoziona ukanda huu zimefanywa na vijana wawili watatu, mpimaji na mpanga miji, wasio na ofisi ya vioo. Hao ndio wa kusukumwa kwenye ubia wa kugawana viwanja, ambao hauhitaji fedha ya kununua shamba. Anayeuawa na akaunti ya amana ni yule ambaye mtaji wake pekee ulikuwa bango.

Kuhusu nyumba zenyewe sitasema mengi, kwa sababu kampuni nyingi za hapa hazijengi. Hesabu haziziruhusu. Kiwanja kinauzwa kwa miezi; nyumba inakula mwaka au zaidi kabla ya kuuzwa, na mnunuzi wake anahitaji mkopo ambao hana. Mkopo wa nyumba wa milioni 50 kwa asilimia 16 kwa miaka 15 una rejesho la kama shilingi 734,000 kila mwezi, na mwisho wa safari umelipa zaidi ya milioni 130. Tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki kwa ajili ya mikopo ya nyumba, ili kuzipa fedha ya muda mrefu, deni lote la mikopo ya nyumba nchini bado halijafika asilimia moja ya pato la taifa. Benki ya Nyumba tuliyokuwa nayo ilifungwa mwaka 1995. Mkopo wa nyumba wa Mtanzania ni ule wa mshahara: anakopa milioni 10, anamaliza msingi na kuta, linabaki pagale, akimaliza deni anakopa tena, anapaua, wa tatu unaweka madirisha. Kuna wataalamu wanaouona mtindo huu kama uzembe. Kwa riba zilizopo ndio busara yenyewe, na fedha ya nyumba inayofaa Kiromo ni mikopo midogo ya hatua, ya kupaua au kuchimba kisima, kuliko rehani ya miaka 15.

Ila pagale linahitaji maji na barabara, na hapa ndipo mtaji wa mnunuzi unapofika mwisho wake. Mtambo wa Ruvu Chini, unaozalisha lita milioni 270 kwa siku, uko wilayani Bagamoyo. Bomba kubwa linapita kwenda Dar es Salaam, na pembeni yake kuna viwanja vinavyonunua maji ya boza. Kampuni ikishakabidhi hati imeondoka. Mawe ya mipaka yamo, barabara iliyochongwa imeota nyasi baada ya masika mbili, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, haijaipokea. Nusu ya wenye viwanja hawajengi kwa sababu walinunua kusubiri bandari mpya ya Bagamoyo. Mkataba wa awali wa bandari ulisainiwa mwaka 2013, mazungumzo yakasimama 2019, yakafufuliwa 2021, na kila kipindi dalali alikuwa na sentensi moja tu: "Kaka, bandari ikianza hapa hupagusi." Anayejenga wa kwanza anaishi porini miaka mitano akiwasubiri waliowekeza kwenye tetesi. Na mamlaka ya maji haiwezi kulaza bomba kwa nyumba nne.

Watu wa Tanga wametuonyesha kwamba mtaji binafsi unaweza kulipia bomba. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na wanunuzi walitoa zaidi ya kilichoombwa. Walikopesha maji, wakijua bili zitawalipa. Jambo kama hilo Bagamoyo lingewezekana kama kila kiwanja kinachouzwa kingechangia fungu la miundombinu linalokaa kwenye akaunti ya mradi, likawa ndilo kianzio cha mkopo wa aina hiyo. Leo mchango huo upo kwenye bei, umeandikwa "barabara na huduma za jamii", na unaishia kwenye greda la siku tatu.

Bunge halihitaji kutusubirisha. Muswada wa kusimamia biashara ya milki umezungumzwa kwa miaka, na utakuja siku yake. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Inapopitisha mchoro na kutoa kibali cha uendelezaji ina nafasi ya kuweka masharti, na sharti la akaunti ya mradi linaweza kuanza kwa wale wanaouza kabla ya kupata hati. Wanasheria watabishana kama mamlaka hayo yanafika huko. Kikwazo kikubwa ninachokiona ni kwamba halmashauri zenyewe ni wauzaji wa viwanja. Nazo hutangaza, hukusanya malipo kwanza, halafu ndipo fidia, barabara na hati vinafuata. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulikopa kwanza Hazina, ukalipa fidia na kupima, ndipo ukauza. Mfano tunao, wa serikali yenyewe. Mkurugenzi wa Bagamoyo akitaka kampuni za Kerege zifungue akaunti za amana, atalazimika kuanza na akaunti ya viwanja vyake.